ASALI HUTULIZA KOO, HAIZUII MZIO



Mvua zinapoelekea kwisha hapa Ufipa, nyasi huwa zimekomaa na kutoa maua. Kisha huja mavuno na vumbi lake, na upepo wa baridi wa mwezi wa Juni na Julai. Wakati huo watu wengi hupiga chafya mfululizo, hasa asubuhi. Pua hutoa kamasi nyepesi kama maji, macho huwasha na koo hukereketa. Ukimwuliza jirani dawa, huenda akakujibu: "Lamba asali ya hapa hapa kwetu. Nyuki wametembelea maua ya hapa, kwa hiyo mwili wako utayazoea."

Ushauri huo hutolewa hata Ulaya na Marekani. Je, ni wa kweli? Tuuchunguze pamoja, maana anayekunywa dawa isiyo yake hupoteza muda, na pengine maisha.

MZIO NI NINI?

Mwili una askari wake wanaoulinda dhidi ya vijidudu vya maradhi. Kwa watu wengine askari hao hukosea. Hukutana na kitu kisicho na madhara, kama vile vumbi au chavua, wakadhani ni adui. Chavua ni ule unga laini wa maua. Hapo mwili hutoa kemikali iitwayo histamini, nayo ndiyo huleta chafya, kamasi na muwasho. Hali hiyo ndiyo mzio.

Mzio hauambukizi, wala haukutumwa na mtu. Jina la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Basi na tutupe pia dhana kwamba mtu anayebanwa kifua kila mwaka amerogwa.

KWA NINI ASALI HAIZUII MZIO?

Chavua ziko za namna mbili. Maua yenye rangi na harufu nzuri yana chavua nzito inayonata, nayo hubebwa na nyuki. Nyasi zina chavua nyepesi inayopeperushwa na upepo hadi puani mwetu. Hii ya pili huwasumbua watu zaidi, na uwanda wa Ufipa ni nchi ya nyasi. Ndizo hizo ambazo wakulima wetu huzifukia katika matuta ya ntumba ili zirutubishe udongo.

Chavua iliyomo katika asali ni kidogo, na sehemu kubwa ni ile ya namna ya kwanza. Kwa hiyo kulamba asali ili uzoee chavua ya nyasi ni sawa na kumzoesha mbwa wako kwa jirani mmoja, ukitumaini kwamba hatambwekea jirani mwingine.

Jambo hili limejaribiwa. Katika uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2002, wagonjwa 36 waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa asali ya mahali pale, la pili asali ya viwandani, na la tatu sharubati ya mahindi yenye ladha ya asali. Asali haikuwapa nafuu kuliko sharubati. Huko Ufini, mwaka 2011, baadhi ya wagonjwa walipata nafuu, lakini asali yao ilikuwa imeongezwa chavua makusudi. Hiyo si asali ya kibuyu chetu.

ASALI INAFAA WAPI?

Tusiitupe asali. Kwa kikohozi cha mafua ya kawaida, asali hulainisha koo na kupunguza kukohoa usiku. Mtoto aliyezidi umri wa mwaka mmoja apewe kijiko kimoja cha chai kabla ya kulala. Mtu mzima aweza kuchanganya vijiko viwili katika maji ya uvuguvugu.

Katika baridi ya Sumbawanga asali huganda. Hiyo si dalili kwamba imechanganywa na sukari. Weka chombo chake katika maji ya moto kiasi, nayo itayeyuka.

TAHADHARI

1. Usimpe asali mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata ya kulamba kidoleni. Asali yaweza kuwa na mbegu za kijidudu kinachotoa sumu ya kulegeza misuli. Tumbo la mtoto mchanga haliwezi kukizuia, na mtoto aweza kushindwa kunyonya na hata kupumua.
2. Mwenye ugonjwa wa kisukari akumbuke kwamba asali ni sukari.
3. Ukila asali ukawashwa mdomo au kuvimba uso, acha mara moja na uende zahanati.

UFANYE NINI UKIWA NA MZIO?

1. Funga kitambaa puani na mdomoni unapopura au kupepeta nafaka.
2. Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Anika matandiko juani.
3. Usipike kwa kuni katika chumba cha kulala. Moshi huzidisha ugonjwa.
4. Safisha pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika robo lita.
5. Nenda zahanati ukaulizie dawa za mzio, kama vile setirizini. Baadhi ya dawa hizo huleta usingizi. Ukizitumia, usiendeshe pikipiki wala mashine.

Kifua kikilia kama filimbi, huenda ni pumu. Pumu inahitaji dawa ya kuvuta kwa mdomo, si asali. Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mbavu zikibonyea anapovuta hewa, au midomo ikigeuka rangi, mpelekeni hospitali saa ile ile. Msingoje kuche.

Tena, kikohozi kikidumu wiki mbili au zaidi, nenda ukapimwe makohozi. Huenda ni kifua kikuu. Kifua kikuu hupona kwa dawa, lakini ukikituliza kwa asali kitaendelea kukudhoofisha wewe na kuwaambukiza walio nyumbani mwako.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wananchi walipokusanyika kusikiliza redio na kujadiliana. Somo lake halijazeeka: ujue kwanza chanzo cha ugonjwa, ndipo utafute dawa yake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni miezi gani watu wa kijiji chako hupiga chafya zaidi? Ni kazi gani hufanyika wakati huo?
2. Kwa nini mtoto mchanga asipewe asali?
3. Ni dalili zipi za kumpeleka mgonjwa hospitali bila kuchelewa?