Maziwa ya mama na walinzi wadogo wa tumbo la mtoto

Tunapokwenda kumwona mtoto mchanga katika familia zetu za Butembo na Beni, neno moja halikosi kusikika: "Mtoto huyu ana kiu, mpeni maji kidogo." Mara nyingi anayelisema ni nyanya mwenye upendo, ambaye amelea wengi. Lakini kijiko hicho kinaweza kuharibu kazi ambayo Mungu ameianza ndani ya tumbo la mtoto.

Mtoto anapozaliwa, bakteria huingia na kukaa katika utumbo wake. Si wote ni adui. Karibu mwaka 1900, Henri Tissier wa Taasisi ya Pasteur huko Paris alichunguza choo cha watoto wanaonyonya, akakuta humo bakteria wa aina ambayo leo inaitwa bifidobakteria. Je, wanaishi kwa chakula gani? Ndani ya maziwa ya mama mna sukari za pekee ziitwazo oligosakaridi, na mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Hupita tumboni zikiwa nzima mpaka utumbo mpana, na huko bifidobakteria huzila. Kwa hiyo mama anaponyonyesha, analisha wawili: mtoto na walinzi wake.

Walinzi hao wakiisha kula, hutoa asidi. Moja ni ile iliyomo ndani ya siki, nyingine ni ile inayochachusha maziwa. Sisi sote tunajua kwamba maziwa yaliyochacha hayaozi upesi. Ndivyo ilivyo katika utumbo wa mtoto: panapokuwa na ukali huo, viini vingi vya kuharisha havipati nafasi ya kuongezeka. Asidi hizo husaidia pia ukuta wa utumbo kuwa imara, na bakteria hao huufundisha mwili kutofautisha rafiki na adui.

Maji, chai au uji vikitolewa mapema, huweza kuleta viini vipya, hasa pale ambapo chemchemi si safi. Tena mtoto aliyeshiba maji hunyonya kidogo, na maziwa hupungua. Kiu isitutie hofu, kwa sababu zaidi ya asilimia 85 ya maziwa ya mama ni maji. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonyeshwe katika saa ya kwanza, apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha aongezewe vyakula huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi.

Lakini mama zetu wananyonyesha katikati ya vita. Aliyekimbia kijiji usiku na kulala katika darasa la shule husema, "Maziwa yamekauka." Hofu na uchovu huweza kuchelewesha maziwa kutoka, ila mara nyingi hayajakwisha. Mtoto akiwekwa kifuani mara kwa mara, na mama akipata chakula, maji na mahali pa utulivu, hurudi.

Tusimhukumu pia mama asiyeweza. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, maziwa ya mama mgonjwa yaliweza kubeba virusi, na watoto walitengwa na mama zao. Huko Beni na Butembo, watu waliopona ugonjwa huo waliwabeba na kuwalisha maziwa ya kopo. Huo nao ulikuwa upendo. Na mama mwenye virusi vya Ukimwi asiache kunyonyesha kwa kuogopa maneno ya watu. Amwulize muuguzi, aendelee na dawa zake.

Katika 1 Samweli 1, Hana hakupanda kwenda Shilo mpaka Samweli alipoachishwa ziwa. Elkana, mume wake, alikubali. Hakumharakisha. Wababa wa makanisa yetu, hapo pana somo letu. Mama aliyejifungua akirudishwa shambani upesi, akipanda mlima na mzigo mgongoni, mtoto hubaki nyumbani na kikombe cha uji. Tumpunguzie mzigo. Vikundi vya wamama vimpelekee chakula na kuni. Na sisi wachungaji, tunapokwenda kumbariki mtoto, tuzungumze na nyanya kwa heshima, tumweleze habari za walinzi hawa wadogo. Akielewa, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kukificha kijiko.