Mbio za msituni: kwa nini mkimbiaji husimama nje ya kaya

Msikilizaji, mbio za njia za msituni si sawa na mbio za lami. Mkimbiaji hufupisha hatua, huinua miguu asijikwae kwenye mizizi, na penye mlima mkali hutembea bila aibu.

Lakini kwenye vilima vya pwani ya Kenya ipo misitu ambayo mbio hukomea nje. Ni kaya za Wamijikenda, vijiji vyenye maboma vilivyojengwa ndani ya msitu kuanzia karne ya 16. Kufikia miaka ya 1940 wakazi walikuwa wamehama, lakini makaburi na mahali pa matambiko vilibaki. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza kaya 10 kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Wenye kutoa ruhusa ni wazee. Kaya Kinondo, kusini mwa Mombasa, mgeni hujifunga kaniki, hufuata kiongozi, na haondoki hata na kijiti kikavu.

Kwa nini masharti makali hivyo? Misitu yenyewe ni midogo, hekta 30 hadi 300 hivi. Njia ya wakimbiaji leo inaweza kuwa njia ya wakata miti kesho.

Sisi wa Shinyanga tunalielewa hilo. Ngitili zetu zilianza kurudi baada ya mradi wa HASHI kuanza mwaka 1986, kwa sababu wanakijiji walikubaliana nani aingie na lini. Ukipata msitu mzuri wa kukimbilia, uliza kwanza wenyewe ni akina nani.