Kipimo Kisicho cha Bach: Mpiga Kinanda wa Ridhaa kama Mhakiki

Wahakiki wetu wamezoea kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui, kisha kuuliza msanii kasema nini na kasemaje. Makala haya yanalipeleka swali hilo kwenye kinanda. Hoja yangu ni kwamba anayepiga muziki ulioandikwa na mwingine ni mhakiki, apende asipende, hata akiwa mpigaji wa ridhaa kama mimi.

Nilijifunza kwenye kinanda cha umeme cha kanisa moja wilayani Lushoto, wakati wa likizo, kwaya ikishatawanyika. Milimani kwetu Ulutheri una umri: wamisionari wa Bethel walifika Mlalo mwaka 1891. Lakini wanakwaya husoma solfa, zile do, re, mi za herufi. Nota za mistari mitano nilizisotea: mkono wa kulia peke yake, wa kushoto peke yake, kisha yote miwili. Umeme ukikatika, basi, napiga juu ya meza.

Kazi niliyoishughulikia ni preludi ya kwanza katika kitabu cha J.S. Bach cha mwaka 1722, Das wohltemperierte Klavier. Sauti ambazo kwaya ingeziimba kwa pamoja, hapa zinapigwa moja baada ya nyingine. Vidole havisumbuki sana. Anayesumbuka ni mfasiri. Iende haraka au polepole? Kwa nguvu au kwa upole? Bach hakuandika. Fotokopi yangu iliyochakaa, hata hivyo, ilijaa maagizo, nami nikayatii kama amri, kumbe ni ya wahariri! Carl Czerny, kwa mfano, katika toleo lake la 1837 aliongeza mwendo na viwango vya nguvu.

Kubwa zaidi, nakala yangu ilikuwa na vipimo 36 (kipimo ni sehemu iliyo kati ya mistari miwili ya wima). Bach aliandika 35. Kile cha ziada kinahusishwa na nakala ya mkono ya Schwencke ya mwaka 1783, Bach akiwa kaburini miaka 33. Gounod naye alikitumia katika Ave Maria yake, ndiyo maana masikio mengi yanakidai.

Hebu tukitazame kwa solfa. Besi ya Bach inafika fi, inairuka so, inatua kwenye la iliyoshushwa, ndipo inarudi so. Aliyeongeza kipimo aliona pengo, akaliziba kwa so. Kwa maoni yangu aliharibu, maana so tunayoisubiri inapofika inakuwa mgeni aliyekwisha kupiga hodi.

Nilipomweleza mwalimu wetu wa kwaya, hakukubali.

"Mwanangu, umekipiga mwaka mzima, watu wamekizoea. Leo unawanyang'anya?"

"Lakini Mwalimu, si cha Bach."

"Na hizo tenzi mnazosoma huko chuoni, zimepita mikono mingapi?"

Hapo alinibana. Miswada ya Al-Inkishafi haifanani, nasi tunaihakiki bila kuona haya. Ila kwa Bach mwandiko wake mwenyewe upo, na kuuacha kwa sababu ya mazoea ni kuhakiki kitabu kwa kusoma jalada.

Wapo wanaosema kinanda cha kanisa hakifai kwa ufasiri, eti ukibonyeza kwa nguvu au taratibu sauti ni ile ile. Wanasahau kwamba hapsikodi, kinanda cha nyuzi cha zama za Bach, nacho kilikuwa hivyo hivyo. Kinachobaki mkononi mwa mpigaji ni muda. Mimi huchelewa kidogo kabla ya la ile iliyoshushwa, msikilizaji alione pengo lenyewe.

Tatizo ni vidole. Nilivifundisha so kwa mwaka mzima na havisomi uhakiki. Jumapili moja, sadaka ikiendelea, viliniponyoka vikaenda so. Mwalimu, pale mbele ya kwaya, alicheka bila kugeuka.