Mvuke na Madoa ya Rangi Iliyokauka

Ni desturi ya watu wengi wa pwani kupaka nyumba rangi upya sikukuu inapokaribia. Kazi ikiisha ukuta hupendeza, lakini sakafu na fremu za milango hubaki na madoa. Mwenye nyumba huchukua kisu, akaanza kukwangua. Kisu huchubua sakafu, na vumbi litokalo huenda likawa na madhara makubwa kuliko doa lenyewe. Makala hii inaeleza jinsi mvuke wa maji unavyoweza kusaidia, na mahali usipofaa.

Rangi hushikaje?

Rangi huwa na unga wenye rangi yenyewe, kimiminika cha kuufanya upakike, na gundi ya kuushikiza. Kimiminika kikisharuka hewani, gundi hubaki. Basi anayetaka kuondoa doa na ajue kwanza gundi yake.

Gundi ya rangi ya maji ni aina ya plastiki. Molekuli zake ni ndefu, zimesokotana bila kufungwa pamoja, mfano wa nyuzi za usumba zilizorundikwa. Zikipata joto huteleza, na doa huwa laini kama mpira.

Gundi ya rangi ya mafuta hukauka kwa kuungana na oksijeni ya hewa. Molekuli zake hufungana mafundo kama wavu, kwa hiyo joto huilegeza kidogo tu.

Chokaa ni habari nyingine. Hukauka kwa kuungana na kaboni dioksidi na kurudi kuwa jiwe, kama lile la matumbawe ambalo watu wa pwani walilichoma kupata chokaa. Magofu ya Kua, katika kisiwa cha Juani huko Mafia, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe halilainishwi na mvuke.

Nguvu ya mvuke

Kwa nini mvuke, wala si maji ya moto? Gramu moja ya maji ikipoa kutoka nyuzi 100 za Sentigredi hadi 40 hutoa jouli 250 hivi. Gramu moja ya mvuke wa nyuzi 100 ikigeuka maji hutoa kwanza jouli 2,260 za joto fiche, kisha jouli zile 250. Jumla yake ni mara kumi. Joto hilo lote huachwa pale pale mvuke unapogusa doa. Kwa sababu hiyo hiyo mvuke huunguza ngozi vibaya sana. Mkono usikaribie mdomo wa birika.

Namna ya kutenda

Mashine si lazima. Chukua kitambaa cha pamba, ukiloweshe, ukikamue, ukitandaze juu ya doa lililo kwenye sakafu ya saruji. Kandamiza kwa pasi yenye moto kwa sekunde chache. Pasi ya umeme ichomolewe kwanza. Ondoa kitambaa, na kabla doa halijapoa lisukume kwa ukingo wa plastiki ngumu. Rudia ikibidi.

Usitumie njia hii juu ya kioo baridi, kwani sehemu moja ikipanuka ghafla kioo hupasuka. Tumia kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Mbao nazo hufura kwa mvuke, na vanishi yake hugeuka nyeupe. Doa la chokaa juu ya kioo huondoka kwa siki au maji ya ndimu, lakini asidi hiyo hiyo huila saruji.

Hatari ya risasi

Rangi za zamani, hasa za mafuta, huenda zikawa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto akimeza au kuvuta vumbi lake, ubongo wake huweza kudhurika kwa maisha yote. Kukwangua rangi kavu na kupiga msasa hurusha vumbi hilo; kuichoma kwa moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Mvuke una nafuu, kwa kuwa hulowesha na joto lake ni dogo. Hata hivyo hauiondoi risasi. Maganda yakusanywe yangali majimaji, yafungwe katika mfuko, yasichomwe wala kufagiliwa makavu. Watoto wakae mbali, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Jaribio la darasani

Dondosha matone ya rangi mpya ya maji na ya mafuta juu ya vipande vya kigae, uyaache wiki mbili yakauke. Yatumbukize katika maji ya nyuzi 30, 50, kisha 70, ukiyabonyeza kila mara kwa kijiti. Ni lipi lililolainika mapema? Eleza sababu kwa kutumia mfano wa usumba na wavu.