KUKATA DUARA BILA MACHO

Ndugu mfanyakazi, fumba macho, kisha ukate mpira wa kuzibia bomba. Unasema haiwezekani? Fundi kipofu anaweza. Duara haitoki machoni: inatoka kwenye msumari usiohama na urefu usiobadilika.

Twaa ubao mwembamba. Pigilia msumari karibu na ncha yake, utokeze chini. Kwa duara ya sentimetri 20, kisu kikae sentimetri 10 toka msumari, ubapa wake ukiuelekea. Pima kwa kijiti cha urefu huo, ukitie katikati yao, kisha kaza kisu.

Choma msumari katika mpira. Mkono mmoja ukae juu ya msumari, mwingine juu ya mpini wa kisu. Hivi hakuna kidole njiani. Zungusha polepole, mara nyingi. Anza na duara ya nje, kisha ya ndani, usije ukapoteza kitovu. Mkato usiupapase kwa kidole, tumia kijiti.

Louis Braille wa Ufaransa, katika mwaka 1812, akiwa na miaka 3, alijichoma jicho katika atelye ya baba yake. Ugonjwa ukapita mpaka jicho la pili, akapofuka kabisa. Basi, vaa miwani ya kazi. Kitu kikichoma jicho, usisugue, usikichomoe: kimbia infirmeri saa ile ile.

Nanyi jamaa, ndugu aliyepofuka msimwache akae bure. Mikono yake haikupofuka.