Vidonge vya Usingizi na Fedha za Chama



Nikikagua vitabu vya chama kimoja cha msingi wilayani Rungwe, nilikuta pendekezo la kukata malipo ya kahawa ili wanachama wanunuliwe vidonge vya homeopathia vya kutibu kukosa usingizi. Muuzaji alikwisha kupita Mufindi pia, mkoani Iringa. Kwa kuwa anaweza kubisha hodi kwenu, yafaa jambo hili lielezwe.

Homeopathia iliasisiwa na daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, mwaka 1796. Alifundisha kwamba kitu kinachomletea mzima dalili fulani humponya mgonjwa mwenye dalili hizo, kikiisha kuzimuliwa sana. Ndiyo maana kahawa, iondoayo usingizi, hufanywa dawa ya usingizi! Mkulima atacheka, lakini na atazame hesabu. Tone moja huchanganywa na matone 99 ya maji au spiriti. Tone moja la mchanganyiko huo huchanganywa na 99 mengine. Na hivyo hivyo, mara nyingi hata mara 30. Ikipita mara ya 12, ni bahati kubaki hata chembe moja ya ile kahawa. Kinachobaki kwenye kidonge ni sukari.

Hata hivyo kicheko si ushahidi. Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza, Cooper na Relton, walikusanya majaribio ambamo wagonjwa wa usingizi waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa homeopathia na baadhi kidonge kitupu. Walipata manne tu, yote madogo na yenye kasoro, na hakuna hata moja lililoonyesha tofauti ya kutegemewa.

Mzee mmoja wa chama hicho aliniambia kwamba tangu aanze vidonge amelala vema. Simkanushi. Lakini mtu hununua dawa usiku ukiwa mbaya kupita kiasi, na baada ya usiku wa namna hiyo mara nyingi huja ulio afadhali, dawa iwepo au isiwepo. Kidonge kitupu huwekwa katika jaribio kwa sababu hiyo hasa.

Asiyelala aamke saa ile ile kila siku, aache chai kali na kahawa tangu alasiri, na hali ikiendelea kwa majuma amwone daktari, kwani huenda ni maumivu, huzuni au ugonjwa mwingine. (Mtunza hazina ambaye daftari lake halilingani ana sababu yake!)

Kuhusu makato: pendekezo lilikuwa la kamati peke yake, bila idhini ya Mkutano Mkuu. Nimeagiza lisitekelezwe, na mwenye kutaka vidonge avinunue kwa fedha zake.