Kabla ya Kubishana Kuhusu Utatu, Tuyapime Maneno

Aghalabu mabishano ya dini katika miji yetu ya Thika na Ruiru huanza kwa hesabu: Baba mmoja, Mwana mmoja, Roho mmoja, jumla yao ni wangapi? Mwenye kuulizwa hukasirika, na muda si mrefu heshima huwa imetoweka. Swali hilo halikomei barabarani. Huingia hata madarasani, ambako Mkristo na Mwislamu huketi dawati moja. Mimi si padri wala shehe. Kazi yangu ni lugha. Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba sehemu kubwa ya ugomvi huo hutokana na maneno, na ni wajibu wa mwalimu kuyapambanua.

Chukua neno "nafsi". Katika sarufi twafundisha nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Katika katekisimu, mtoto hufunzwa kuwa Mungu ni mmoja katika nafsi tatu. Lakini neno hili lina asili ya Kiarabu, na kwa Mwislamu nafsi ni dhati ya mtu. Asikiapo nafsi tatu, husikia miungu watatu. Wakristo Waarabu wenyewe hutumia neno jingine hapo, "uknumu", walilolipata kutoka Kisiria.

"Mwana" nalo lina utata wake. Mwananchi hakuzaliwa na nchi, wala mwanamaji na maji. Sura ya 112 ya Kurani yakana kwamba Mwenyezi Mungu amezaa au amezaliwa. Mkristo naye hasadiki kamwe kuwa Mungu alioa akapata mtoto. Tena, aya ya 116 ya sura ya 5 yakemea kumfanya Isa na mamaye kuwa miungu, ilhali Utatu wa makanisa haumhesabu Mariamu. Na huyo Roho Mtakatifu, kwa wafasiri wengi wa Kurani, ni Malaika Jibrili. Jina ni lile lile, anayetajwa ni mwingine.

Je, basi tofauti ni ya maneno matupu? La hasha! Kurani, katika aya ya 171 ya sura ya 4, yamwita Isa neno la Mwenyezi Mungu, na papo hapo yakataza kutaja watatu. Injili ya Yohana, katika sura ya 1, yafundisha kuwa Neno alikuwa Mungu, naye akatwaa mwili. Vitabu viwili vyakutana katika neno moja, kisha vyaachana hapo hapo. Hakuna kamusi itakayoliziba pengo hilo.

Zipo hoja zisizofaa kitu. Mmoja husema neno "Utatu" halimo katika Biblia, na kwamba mafundisho yake yalifafanuliwa kwenye mitaguso ya Nikea, mwaka 325, na Konstantinopoli, mwaka 381. Ni kweli, lakini hata neno "tauhidi" halimo katika Kurani, na hakuna Mwislamu anayetilia shaka maana yake.

Walimu wenzangu, tuwazoeze wanafunzi jambo moja: kabla ya kuikanusha imani ya mwenzio, ieleze kwa namna ambayo yeye mwenyewe ataikubali. Atakayeshindwa na hilo hajawa tayari kubishana. Atakayeliweza atatambua kuwa mwenzake si mjinga wala si mshirikina kwa kusudi, hata kama hawatakubaliana mpaka kiama.